Samaki wa Katoni: Uchambuzi wa Insha Moja ya Mjadala Kutoka Kisumu

Insha inayochambuliwa hapa iliandikwa na msichana wa kidato cha nne katika shule moja ya kutwa jijini Kisumu, wakati wa mtihani wa majaribio wa muhula wa pili. Swali lilikuwa la aina inayofahamika kwa kila mtahiniwa wa Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili, ile ya insha katika mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne (KCSE): "Serikali ya Kenya inapaswa kupiga marufuku uingizaji wa samaki kutoka nchi za nje. Jadili." Mwandishi ni mwanafunzi ambaye wenzake huazima madaftari yake ili wanakili msamiati. Insha yake ilivuka maneno 400 yanayotakiwa, sarufi yake ilikuwa karibu haina doa, hoja zilikuwa sita, na kila aya ilipambwa kwa methali au tashbihi. Alipewa alama 9 kati ya 20, yaani kiwango cha C, na hakuelewa kwa nini.

Nimeichagua kwa sababu kasoro yake haitibiki kwa dawa tunayoitoa mara nyingi darasani, ile ya kumwambia mwanafunzi aongeze hoja na aongeze mapambo. Hoja zilikuwapo na mapambo yalizidi. Kilichokosekana ni mtu wa kujibizana naye. Insha nzima ilizungumza na watu waliokwisha kukubaliana na mwandishi, ilhali mtu mmoja aliyekuwa na sababu nzito ya kumpinga, ambaye ni shangazi yake mwenyewe, muuza samaki anayeishi naye nyumba moja, hakutajwa hata kwa fumbo.

Mazingira ya swali yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Karatasi hiyo huchukua saa 1 na dakika 45, na ina maswali 4. La kwanza ni la lazima na huwa la kiuamilifu, kama vile barua rasmi, ripoti au hotuba, kisha mtahiniwa huchagua jingine moja kati ya matatu yaliyosalia. Kila insha ina alama 20, na kwa kuwa ni mbili, hakuna inayopata saa nzima. Neno linaloagiza ndilo linaloamua umbo la jibu. Swali linalosema "thibitisha" linampa mtahiniwa upande mmoja autetee, linalosema "eleza" linataka ufafanuzi, lakini linalosema "jadili" linataka pande zote mbili zisikike na mwandishi atoe msimamo wake mwishoni au mwanzoni, mradi uwe wazi. Msichana huyu alilijibu "jadili" kana kwamba limeandikwa "thibitisha". Hilo peke yake lilimgharimu, lakini si ndilo lililoiporomosha insha.

Alianza hivi:

"Wahenga walinena, na walilonena halijapata kutanguka, kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Nchi yetu tukufu ya Kenya imejaliwa maziwa, mito na bahari iliyosheheni samaki wa kila aina, lakini tumeviacha vyetu na kuvikimbilia vya wageni."

Msahihishaji mwenye haraka angeweka alama ya vyema pembeni na kuendelea. Methali inaoana na mada, na Kiswahili kinatiririka. Ila methali nayo hudai jambo. Anayemwonya mwenzake asiache mbachao anachukulia kwamba mbachao upo, bado unalalika, na umetupwa kwa tamaa tu. Je, hali ya samaki Kisumu ndiyo hiyo? Ikiwa samaki wa ziwani wapo tele na watu wamewakimbia kwa kupenda vya kigeni, methali inasema kweli. Ikiwa samaki wa ziwani wamepungua na watu wamelazimika kutafuta kwingine, basi methali imempoteza mwandishi tangu sentensi ya kwanza, kwa kuwa imempa kama ukweli lile hasa alilotakiwa kulithibitisha. Nimeona insha nyingi zikianguka kwa njia hii, na kwa kuwa methali husifiwa sana darasani, ni nadra mtu kumwambia mwanafunzi kwamba methali nayo huombwa ushahidi.

Baada ya utangulizi zilifuata hoja sita: ajira ya wavuvi, afya ya walaji, fedha zinazotoka nje ya nchi, kupungua kwa samaki ziwani, uzalendo, na utamaduni wa vyakula. Aya ya pili ilianza kwa "aidha", ya tatu kwa "isitoshe", ya nne kwa "fauka ya hayo", ya tano kwa "vilevile", ya sita kwa "zaidi ya hayo". Viunganishi hivi vyote vinafanya kazi moja, ya kuongeza kitu juu ya kingine. Hakuna hata aya moja iliyoanza kwa "kwa hivyo", "ijapokuwa", "ilhali", "hata hivyo" au "kwa kuwa", ambavyo ni viunganishi vya kufikiri, kwani humlazimisha mwandishi aseme uhusiano wa hoja hii na iliyotangulia. Kuna jaribio dogo ambalo huwapa wanafunzi wangu nalo halijanivunja moyo: badilisha nafasi za aya ya tatu na ya tano, kisha soma tena. Insha isipotikisika, ujue kilichopo ni orodha iliyovishwa aya. Katika insha hii tulihamisha uzalendo ukatangulia ajira, afya ikaenda mwisho, na hakuna msomaji ambaye angegundua.

Kabla ya kuzigusa hoja zenyewe, yapo maneno mawili ya swali ambayo hakuyatazama kabisa: "nchi za nje". Kichwani mwake nchi ya nje ilikuwa Uchina, na insha yote ilihusu tilapia waliogandishwa wanaofika kwa makontena kupitia Mombasa. Lakini anayeishi Kisumu anaishi kando ya ziwa ambalo Kenya inamiliki takriban asilimia 6 tu ya eneo lake, sehemu nyingine zote zikiwa za Tanzania na Uganda. Mbuta (sangara) na omena (dagaa) wanaovuliwa ng'ambo ya mpaka huuzwa Kisumu kila siku, na kwa mujibu wa maneno ya swali nao ni samaki kutoka nchi za nje. Marufuku ya jumla ingewagusa hao pia, na ingegongana na Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kutekelezwa mwaka 2005, ambao unakusudia bidhaa za nchi wanachama zipite mipakani bila kutozwa ushuru wa forodha. Mtahiniwa ambaye angetumia sentensi mbili za utangulizi kutenganisha samaki wa majirani na samaki wa mbali angekuwa amemwonyesha mtahini kwamba amelisoma swali, na zaidi ya hapo angekuwa amejipunguzia mzigo, kwa kuwa asingelazimika tena kutetea marufuku dhidi ya Uganda, jambo ambalo si rahisi kulitetea.

Hoja ya afya ilijengwa juu ya sentensi moja: "Utafiti umeonyesha kwamba samaki hao wana kemikali hatari." Utafiti wa nani, uliofanywa wapi, uliopata kemikali gani? Nilipomuuliza alisema amesikia redioni. Sikatai kwamba aliyasikia. Uvumi kuhusu samaki wa katoni, yaani hao waliogandishwa wa kutoka Uchina, umezagaa Kisumu kwa muda mrefu, na baadhi ya madai huenda yana msingi, ila katika insha ya mjadala mwandishi hawezi kumbebesha mtafiti asiye na jina kazi yake mwenyewe. Ushauri wangu ni mkali kidogo: maneno "utafiti umeonyesha" yafutwe katika kila insha ambayo mwandishi wake hawezi kuutaja utafiti huo. Chumba cha mtihani hakina maktaba, lakini hilo halimaanishi kwamba mtahiniwa hana ushahidi. Ana sheria anazozijua, jiografia aliyofundishwa, historia ya eneo lake, na mambo anayoyaona kwa macho yake sokoni. Kwa hoja hii hii ya afya, historia ya ziwa ingemfaa sana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki kutoka Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, na mwaka 1999 sababu ilikuwa hofu ya sumu za kuulia wadudu zilizotumiwa na baadhi ya wavuvi. Kenya ilikuwa upande wa wanaozuiwa. Hofu ile iliweza kupimwa, na zuio liliondolewa baadaye, baada ya ukaguzi kuimarishwa. Anayetaka kumzuia samaki wa mwingine kwa sababu ya afya angeweza kuanzia hapo, akadai vipimo vilevile ambavyo sisi tulidaiwa.

Hoja ya nne ndiyo inayostahili kukaliwa kitako. Msichana aliandika: "Tangu samaki wa Uchina waanze kuingia nchini, samaki wa Ziwa Victoria wamepungua sana, na wavuvi wetu wamebaki bila kazi." Sentensi hii ina mambo mawili yaliyotokea, na kwa kuwa yanafuatana katika sentensi, msomaji anaalikwa aamini kwamba moja limezaa jingine. Mfuatano wa kweli ni mwingine. Mbuta aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980, na samaki wengi wadogo wa asili, hasa jamii ya fulu, wakatoweka. Gugumaji lilitapakaa Ghuba ya Winam, upande wa ziwa ulipo mji wa Kisumu, katika miaka ya 1990 na kuzifungia mashua ufuoni. Uvuvi wa nyavu zenye matundu madogo, unaowanasa samaki kabla hawajazaliana, umekuwa ukilalamikiwa kwa miongo kadhaa, na ndiyo sababu mojawapo ya omena kuwa na msimu wa kufungwa, kuanzia Aprili hadi Julai. Tilapia wa Uchina walianza kuzungumziwa sana nchini baada ya 2010, hata kufikia mwaka 2018 rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, kuzungumzia hadharani haja ya kuwazuia. Upungufu ulitangulia. Mpinzani mwerevu angeugeuza mshale huo papo hapo: samaki wa mbali wameingia kwa sababu wa hapa walipungua.

Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alieleza mwaka 1958 kwamba kati ya dai na ushahidi kuna kanuni, mara nyingi isiyosemwa, inayomruhusu mtu kuvuka kutoka kwa huu hadi lile. Hapa dai ni kwamba marufuku itawapa wavuvi kazi, na ushahidi ni kwamba wavuvi wengi hawana kazi. Kanuni iliyofichwa katikati ni kwamba wavuvi hao wamekosa wanunuzi. Ukishaitoa hadharani, inaanguka yenyewe, kwa kuwa anayefika ufuo wa Dunga asubuhi huona wanunuzi wakizisubiri mashua, na wakigombania kilichomo. Wavuvi wamekosa samaki, na marufuku haiongezi samaki majini.

Hata hivyo hoja hiyo haikuwa ya kutupwa, na hapa ndipo ninapotofautiana na walimu wanaoipigia mstari mwekundu na kupita. Ilikuwa imemlenga mtu asiye wake. Anayeumizwa na samaki wa bei ya chini kutoka mbali ni mfugaji wa vizimba na wa mabwawa kuliko mvuvi. Mfugaji hununua vifaranga, hununua chakula cha samaki ambacho ndicho sehemu kubwa ya gharama zake, husubiri miezi kadhaa, kisha hufika sokoni na kukuta bei imekwisha kuwekwa na katoni. Huyo ana samaki, na tatizo lake ni mnunuzi hasa. Kwa kubadilisha neno "wavuvi" likawa "wafugaji wa samaki", kanuni iliyofichwa inageuka kuwa ya kweli na dai linasimama. Mabadiliko ni ya neno moja, lakini mwandishi hawezi kuyafikia mpaka ajiulize ni nani hasa anayepoteza nini.

Sasa mpinzani. Katika insha yote alipewa sentensi mbili: "Wapo wanaodai kwamba samaki hao ni wa bei nafuu. Hao ni vibaraka wasioitakia nchi yetu mema." Hoja ya bei, ambayo ndiyo nzito kuliko zote katika mjadala huu, ilitajwa kisha ikajibiwa kwa tusi. Msomaji asiyekuwa na upande anapofika hapo huhisi kwamba mwandishi hana jibu, na mara nyingi huwa hakosei.

Tulipoipitia insha pamoja nilimuuliza samaki wanaokula kwao hutoka wapi.

"Kwetu, Mwalimu? Shangazi anauza wa katoni."

"Mbona asiuze wa ziwani?"

"Wa ziwani akimnunua asubuhi, jioni akiweka faida yake watu wa mtaani hawamfikii. Na leo ni wakubwa, kesho ni wadogo, bei hawezi kuipanga. Wa katoni wote wako sawa."

"Basi kwa nini hukuliandika hilo?"

"Si ningekuwa nimempa mpinzani ushindi, Mwalimu?"

Shangazi huyo huuzia samaki wake katika mtaa wa Obunga. Katoni hununua kwa kuchangia na mwenzake, humgawia nusu, kisha hulaza samaki katika beseni hadi barafu iyeyuke, huwapasua ubavuni mistari mitatu ili chumvi iingie, na ikifika alasiri karai huwa tayari motoni kando ya barabara. Wateja wake wakubwa ni vibarua wanaolipwa jioni. Kabla ya katoni aliuza mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayosalia baada ya viwanda kutoa minofu, na minofu hiyo kwa sehemu kubwa husafirishwa kuuzwa ng'ambo. Msichana alikuwa ameandika aya nzima ya uzalendo akiwalaumu walaji kwa kupenda vya kigeni, ilhali mtaani kwao watu walikula mifupa ya samaki wa ziwa lao kwa miaka mingi, minofu ikipanda ndege. Aya hiyo ya uzalendo haikuweza kusimama mbele ya karai la shangazi yake kwa dakika mbili.

Imani kwamba kumtaja mpinzani ni kumpa ushindi imeenea sana, nayo inatokana na midahalo ya shuleni ambapo wazungumzaji hupewa upande, hupigiwa makofi, na mshindi hutangazwa kwa kelele. Insha haina ukumbi wa kuipigia makofi. Ina msomaji mmoja aliyetulia, ambaye pingamizi humjia mwenyewe hata mwandishi asipolitaja. Na likimjia kabla ya mwandishi kulisema, analichukua kama jambo ambalo mwandishi hakulijua au alilificha. Ipo pia desturi nyingine inayofundishwa kama kinga, ya kuandika hoja tatu za kuunga, kisha tatu za kupinga, kisha hitimisho. Inatimiza agizo la "jadili", lakini matokeo yake mara nyingi ni insha inayojipinga yenyewe katikati ya ukurasa, kisha inamalizia kwa kusema kila upande una ukweli wake. Kukutanisha pande mbili ni tofauti na kuzipanga foleni.

Nilimwomba aandike upya kwa muda uleule wa mtihani, kwa sharti moja tu: shangazi awemo, kwa hoja yake iliyo bora kabisa, na ajibiwe kwa heshima. Sikumwambia msimamo upi achukue. Aliporudi, msimamo ulikuwa umebadilika:

"Serikali haipaswi kupiga marufuku samaki wote wa nje. Inachopaswa kufanya ni kupunguza mwaka baada ya mwaka tilapia waliogandishwa wanaotoka nje ya Afrika Mashariki, na upunguzaji huo uende sambamba na ongezeko la mavuno ya vizimba na mabwawa yetu."

Msimamo huu unaikataa kauli ya swali jinsi ilivyoandikwa, na mwanafunzi anapaswa kujua kwamba ana ruhusa hiyo. Baadhi ya wanafunzi huuogopa msimamo wenye masharti wakidhani ni uvuguvugu. Uvuguvugu ni kusema serikali itafute suluhu ya kudumu. Sharti linalotaja ni samaki gani, wa kutoka wapi, na wapunguzwe kwa kufuata nini, linaweza kupingwa kwa hoja, na kinachoweza kupingwa kwa hoja ndicho msimamo.

Aya ya mpinzani aliiweka ya pili, mara tu baada ya kufafanua mada, na nainukuu karibu yote:

"Anayepinga marufuku ana hoja moja nzito kuliko nyingine zote. Muuzaji wa samaki wa kukaanga huchukua samaki wa katoni kwa sababu wateja wake hulipwa kwa siku, na malipo ya siku hayamfikii ngege, yaani tilapia wa ziwani. Katoni ikiondolewa leo, mteja huyo hatahamia kwa ngege, atahamia kwa sukumawiki, na muuzaji atazima jiko. Marufuku itakuwa imewaadhibu wawili hao kabla haijamsaidia mfugaji hata mmoja. Hata hivyo, hoja hii inathibitisha kwamba samaki wa bei nafuu anahitajika. Haithibitishi kwamba ni lazima atoke mbali. Swali linalobaki ni kwa nini mfugaji wa hapa hawezi kuifikia bei hiyo, na jibu lake linaanzia kwa chakula cha samaki."

Sentensi mbili zenye "inathibitisha" na "haithibitishi" ndizo uti wa mgongo wa insha nzima. Ya kwanza inampa mpinzani haki yake yote bila kupunguza, na ya pili inaonyesha mpaka wa haki hiyo. Hakuna tusi, na hakuna haja ya kudai kwamba shangazi amekosea, kwa kuwa hajakosea. Angalia pia kinachotokea kwa aya zinazofuata. Aya ya tatu inaeleza gharama za mfugaji kwa sababu ya pili imeuliza, ya nne inapendekeza upunguzaji wa hatua kwa hatua kwa sababu ya tatu imeonyesha kwamba mfugaji anahitaji muda, na ya tano inajibu wasiwasi kwamba wafanyabiashara wakubwa watakwepa mpango huo. Ukibadilisha nafasi za aya mbili zozote zile, insha inavunjika. "Aidha" imebaki moja. "Kwa hivyo" zimekuwa nne, na kila moja inastahili mahali pake.

Hoja za utamaduni na uzalendo zilitoweka kabisa, naye alisikitika kuzipoteza kwa sababu ndizo alizoziandika kwa ufasaha zaidi. Ile ya afya ilibaki sentensi moja, ikidai ukaguzi wa katoni bandarini badala ya kudai sumu. Methali ya ufunguzi nayo iliondoka, na insha ikaanza kwa sentensi kavu iliyotenganisha samaki wa Uganda na Tanzania na samaki wa mbali. Wapo watakaosema imepoteza utamu. Mimi naona utamu umehamia kwenye karai, mahali ambapo msomaji anaweza kuuona.

Nilimpa mwenzangu wa idara insha hiyo aisahihishe bila kumwambia ni ya nani wala kwamba ni ya pili. Alirudi na 12. Sababu yake ilikuwa hesabu: hoja zilizokamilika alizipata nne, na yeye hutarajia sita. Mimi nilikuwa nimeiweka 16. Tulibishana juu ya jambo moja mahususi, iwapo aya ya mpinzani ihesabiwe kuwa hoja au ichukuliwe kuwa kipumuo cha kabla ya hoja. Nilimkumbusha kwamba swali limeagiza "jadili", na kwamba anayejadili hawezi kunyimwa alama kwa kumsikiliza wa upande wa pili. Tena aya hiyo ina dai, ina sababu, ina mfano na ina hatima, ambavyo ndivyo vigezo vyake mwenyewe vya hoja iliyokamilika. Alikubali kuihesabu. Hakukubali kwamba hoja tano zilizoshikana zinazidi sita zilizotawanyika, na najua wapo wasahihishaji wengi wenye mawazo kama yake, kwa hivyo mtahiniwa anayeandika kwa namna hii ahakikishe kila aya yake imeanza kwa sentensi inayolitaja dai waziwazi, ili msahihishaji anayehesabu asipate shida ya kulitafuta.

Tulikubaliana 15. Alama iliyobaki kati ya B na A ilipotelea kwenye hitimisho, ambalo lilikuwa mistari mitatu iliyoandikwa mbiombio, ikirudia msimamo kwa maneno yaleyale, pamoja na makosa ya tahajia mawili ambayo hakuwa nayo katika insha ya kwanza. Aya ya shangazi ilikuwa imemchukua karibu nusu ya muda wake.